Umepangiwa chuo Iringa? Soma hii kabla hujafunga begi

Kila ikifika mwezi wa kumi nawaona wanashuka kwenye basi na tisheti nyembamba, kandambili mguuni, begi la magurudumu ambalo kwa vilima vya huu mji halimalizi wiki, na wote wanauliza kitu kimoja, hivi huku baridi ndo iko hivi? Mdogo wangu, hiyo Oktoba ndo joto letu. Baridi yenyewe utaiona mwezi wa sita ukiwa umeshazoea na umeshajisifia nyumbani kwamba mbona kawaida tu.

Nimesoma Iringa miaka mitatu nikaongeza na wa nne (sup, yaani mtihani wa marudio, ilihusika, tusiingie huko) kwahiyo ninachoandika hapa nimekilipia mwenyewe. Watu wanasema Iringa maisha rahisi, na ni kweli, chumba bei ya chini, chakula bei ya chini, mji wenyewe unaumaliza kwa miguu, lakini bado kila semista kuna mtu anapiga simu kwao wiki ya tano analia njaa. Sababu ni moja, amekuja na maisha ya Dar akayahamishia mlimani. Iringa inakuwa rahisi kwa mtu anayeishi kama watu wa Iringa, anatembea, ananunua sokoni, anasalimia. Haya twende.

Safari kwanza. Ukitokea Dar unapita Morogoro, unakatiza Mikumi (weka simu chini uangalie dirishani, twiga wa bure hao), halafu Ruaha Mbuyuni, halafu unapanda Kitonga. Kitonga ni milima yenye kona za kuogofya na malori yanayokwenda mwendo wa kinyonga, basi linaweza kukaa pale muda mrefu kama kuna lori limekwama, kwahiyo usimwambie mtu akusubiri stendi saa fulani kamili. Wa Dar siku hizi wengine wanachukua SGR mpaka Dodoma halafu basi la kupitia Mtera, nayo njia nzuri tu ya lami. Stendi kuu ipo Igumbilo, chini huku barabara kuu inakopita, mji wenyewe uko juu kwenye mwinuko kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hapo stendi bodaboda watakuvaa kama nyuki, mmoja ameshashika begi lako kabla hujakanyaga chini. Ukiwa na mizigo mingi chukua bajaji na mpatane bei kabla haijawaka, ukiwa na begi moja panda daladala kama watu.

Sasa gheto. Chuo kikiwa na hosteli na ukapata nafasi mwaka wa kwanza, chukua, usijifanye mjanja, gheto utapanga mwaka wa pili ukiwa umeshaujua mji. Ukikosa ndo unaingia mtaani. Wa Chuo Kikuu cha Iringa wengi wanajazana Kihesa na Semtema, wa MUCE (chuo cha ualimu cha Mkwawa) wanakaa upande wa Mkwawa huko, wa RUCU (chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha) wametawanyika. Kihesa ina kelele na raha za wanachuo, kila kona steshenari na chipsi, ila kama unataka usingizi sogea mbali kidogo na barabara. Kanuni yangu ni kwamba chumba kiwe umbali wa kutembea mpaka darasani hata mvua ikinyesha. Chumba cha bei ya chini ambacho kila siku kinakudai boda ya kwenda na kurudi sio cha bei ya chini, piga hesabu uone.

Mimi cha kwanza nilipelekwa na dalali saa saba mchana. Kodi elfu 35 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, chumba kikubwa, jua limeingia dirishani, nikaona nimeokota dodo. Hela ya dalali nikampa, ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao. Kumbe juu ni bati tupu, hakuna dari. Mchana bati likipata jua chumba kinakuwa na joto zuri, usiku lile lile bati linageuka friji, ikifika alfajiri pumzi yako mwenyewe imepanda juu imepoa ikawa maji, unashtuka tone limekudondokea kwenye kope. Nililala na kofia na soksi mpaka kodi ilipoisha, na daftari zangu nilikuwa nazifunika na nailoni kama mahindi yaliyoanikwa.

Kwahiyo chumba nenda kakione jioni sana au asubuhi mapema, usiende mchana. Angalia juu, dari ipo? Dirisha lina vioo au ni nyavu tu, maana upepo wa huku hauna adabu. Uliza mita ya LUKU ni ya kwako au mnachangia, na kama mnachangia mko wangapi na kuna nani anapikia jiko la koili, kwasababu mmoja tu mwenye koili anawala nyie wengine wote mnaochaji simu na taa. Uliza geti linafungwa saa ngapi, hili watu hawaulizi wakija kugundua ni saa nne usiku wako nje na wamevaa shati. Maji yanatoka ndani au uwani. Halafu usimtumie mtu hela kwa simu ya chumba ambacho hujakanyaga, hata kama picha nzuri, hata kama amekwambia kuna watu wanne wanakigombania, hao watu wanne hawapo. Mkataba uandikwe, hata karatasi ya daftari inatosha, mwenye nyumba asaini na ikiwezekana mkasainie kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Wengine wanaona huo ushamba, ngoja mwenye nyumba apandishe kodi katikati ndo utaona faida yake.

Baridi naiongelea peke yake maana hii inaua, na siongei kwa mafumbo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane usiku unakuwa mkali, ukichanganya na upepo unahisi mifupa. Mwanafunzi ametoka Mtwara au Tanga hana blanketi, anafanya nini, anawasha jiko la mkaa anapika, akimaliza anaingiza jiko ndani lipashe chumba, anafunga dirisha, anaziba na nguo chini ya mlango, analala. Usifanye hivo hata siku moja. Mkaa ukiungua sehemu yenye hewa kidogo unatoa kaboni monoksaidi, ni hewa ya sumu haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi, inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na mtu aliyelala haamki kukohoa, anazidi tu kulala. Mkiwa mmekaa chumba chenye jiko kichwa kikaanza kuuma na usingizi wa ajabu ukawashika wote kwa pamoja, msijiulize, tokeni nje, fungueni kila kitu. Jiko linapikiwa nje likibaki na moto linabaki nje. Hata ukiona wenyeji wanaota moto jikoni, angalia lile jiko lao, kuta zina upenyo na moshi unatoka juu, chumba chako cha bloku na dirisha la vioo sio hicho.

Badala yake nenda kwenye mitumba. Blanketi zito, sweta, soksi za sufu, koti, vyote vinapatikana bei ya kawaida kabisa, ila nunua mapema mwezi wa nne au wa tano watu hawajaanza kugombania. Ukisubiri Juni bei imeamka. Chupa ya chai kubwa ni rafiki yako, unachemsha maji jioni unamimina, asubuhi unachanganya unaoga bila kupiga kelele. Na jua la huku lisikudanganye, hewa ya baridi lakini mchana jua linachoma midomo inapasuka, paka mafuta.

Kupika nako kuna siri ya huu mwinuko ambayo hakuna mtu aliniambia. Maji huku juu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, kwahiyo sufuria inatokota kwa fujo zote lakini maji hayana joto lile la Dar, na maharage ndo yanakuonyesha. Wiki yangu ya kwanza nilipika maharage makavu kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, nikaenda kuoga, nikarudi nikasoma, nikalala kidogo, bado yanagonga meno kama kokoto na gesi inaelekea kuisha. Loweka toka usiku. Asubuhi mwaga yale maji weka mengine, pika sufuria kubwa mara moja kwa siku tatu nne, chumvi weka mwishoni. Na baridi hii yakipoa hayachachi haraka kama Dar.

Twende kwenye hela. Kwa wenye mkopo, ile ya chakula na malazi ambayo wote tunaiita boom ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipanda kutoka 8,500. Inakuja kwa mafungu, chukulia fungu la siku 60 ni laki sita. Laki sita kwa mkono mmoja kwa mtoto wa miaka 20 inaonekana kama utajiri na ndo hapo ajali inaanzia, wiki ile Kihesa inachangamka, kuku wanaisha, simu zinabadilishwa. Mimi nakupa hesabu yangu ya mwaka wa kwanza. Kodi ya miezi sita kwa elfu 35 ni 210,000, ikabaki 390,000. Godoro, ndoo, sufuria mbili, mtungi na vikorokoro vikanila kama 90,000 kwasababu vingi nilinunua kwa wanaomaliza chuo, ikabaki laki tatu. Gawa kwa siku 60, ni elfu tano kwa siku, hapo kuna chakula, bando, kuprinti, sabuni na kila kitu. Sasa ukinunua chipsi kuku jumatatu tu jumanne na jumatano unakula nini? Na hesabu ya siku 60 uifanye ya siku 75, ukae ukijua boom linaweza kuchelewa, likija kwa wakati umepata ziada, likichelewa wewe hutikisiki.

Nilichokuja kukifanya baadae kikanisaidia ni kula boom kwenye magunia kabla sijalila kwenye sahani. Siku hela imeingia, kabla ya kitu chochote, tunaenda sokoni wawili watatu, Soko Kuu au Mashine Tatu, tunanunua unga, mchele, maharage, mafuta, viazi, tunanunua kwa sado au debe kabisa tunagawana nyumbani. Mkoa huu ni wa kulima, viazi na maharage vinatoka hapo hapo jirani, nyanya zinatoka Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni, kwahiyo nyanya zikiwa msimu unapewa fungu mpaka unaona aibu. Ukishakuwa na gunia ndani hata hela ikiisha huwezi kulala njaa, utalalamika tu kwamba umechoka maharage. Mama ntilie mtumie siku za vipindi vingi, chagua mmoja ukae naye huyo huyo, ukimzoea anakuongezea mchuzi na siku ukikwama anakuandika kwenye daftari. Ukikopa lipa siku boom linaingia, sio siku ya pili, siku ile ile, maana kesho yake hela hiyo haitakuwepo na jina lako litakuwepo.

Cha usafiri nimeshasema, tembea. Mwezi wa kwanza miguu itauma, huu mji ni panda shuka, mwezi wa pili utakuwa unapandisha mlima huku unaongea na simu. Viatu vyeupe acha kwenu, kiangazi ni vumbi jekundu na masika, yaani kuanzia Novemba Desemba mpaka mwezi wa nne, ni tope jekundu, rangi ni ile ile.

Sasa kusalimia. Huku salamu ni kitu kizito kuliko ulikotoka, hasa kama umetokea Dar ambako watu wanapishana kama magari. Salamu ya Kihehe ni "Kamwene", na unayemsalimia naye anakujibu kamwene, umemaliza somo. Mtu mzima mpe shikamoo yake kama kawaida, simama, usimrushie ukiwa unatembea. Pale nilipohamia mwaka wa pili kulikuwa na bibi mwenye nyumba anakaa uwani kila asubuhi anachambua mboga, mimi wiki nzima napita na spika za masikioni, natikisa kichwa tu. Jumapili nikaishiwa kiberiti nikagonga kwake, akanitazama akasema, "Kumbe una mdomo mjukuu wangu." Niliona ardhi ipasuke. Kesho yake nikasimama, nikachuchumaa kidogo, kamwene bibi. Akacheka kweli, akaniuliza kwetu wapi, mama yangu anaitwa nani, nasomea nini, nikachelewa kipindi lakini kuanzia siku hiyo geti la saa nne likawa linanisubiri mpaka saa nne na nusu na viazi vitamu vilikuwa vinakuja kwenye bakuli vimefunikwa. Halafu ule utani wa Wahehe na mbwa ambao umeusikia maisha yako yote usiingie nao mjini kama vile umeuvumbua wewe, wenyewe wanaujua, wanautania wenyewe vizuri zaidi, subiri mzoeane.

Ulanzi utaukuta. Ni pombe ya mianzi, inagemwa msimu wa mvua, asubuhi ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi na ndo mtego wenyewe, kadri saa zinavyokwenda unazidi kuchacha, jioni ile ile glasi ni kitu kingine kabisa. Sikukatazi. Nasema tu usionje kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya testi.

Hapa ndo napenda kuongea zaidi. Kuna watu wanamaliza miaka mitatu Iringa hawajawahi kufika Kalenga wala Isimila, wanapaona kwenye kalenda. Na ni mji ambao historia imelala barabarani. Jina lenyewe Iringa linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na ngome hiyo haikuwa hapa mjini, ilikuwa Kalenga kwa Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Hapa juu tunapoishi Wajerumani walikuja kupaanzisha 1896 baada ya kuibomoa Kalenga, kwahiyo ukiwa Kalenga ndo upo Iringa ya kwanza, huku kwetu ni Iringa mpya. Hata MUCE, kabla haijawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005 ilikuwa sekondari ya Mkwawa, jina limebaki.

Anza na vya bure au karibu na bure. Gangilonga ni jiwe kubwa juu ya mji, maana yake jiwe linaloongea, wanasema Mkwawa alikuwa anapanda pale kutafakari. Panda jioni saa kumi na moja, mji wote uko chini yako, ila nendeni kundi na mshuke kabla giza halijaingia, sehemu yoyote iliyojificha ikiwa na wanafunzi wenye simu huwa inavutia na watu wengine. Boma la Iringa lipo mjini kabisa, jengo la Mjerumani la kama mwaka 1900 lililojengwa liwe hospitali ya jeshi, likaja kuwa ofisi za serikali, toka 2016 ni makumbusho. Mimi nashauri uanze na hapa wiki zako za mwanzo, unazunguka masaa mawili unatoka unaujua mkoa, na wahudumu ukiwauliza vizuri watakuelekeza kwenda Igeleke kwenye michoro ya mwambani, ile ya rangi nyekundu ya watu na wanyama, ambayo iko karibu tu na mji na watu wanaoishi jirani nayo hawana habari.

Kalenga ni kama kilomita 15, barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, daladala zipo, na makumbusho ya pale ndo yenye fuvu la Mkwawa. Kabla hujaenda jua mtiririko, la sivyo utaangalia fuvu kama unaangalia sahani. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski, wenyeji walimwita Nyundo, kilivamiwa Lugalo na wapiganaji wa Mkwawa kikasambaratishwa, Zelewski mwenyewe akafia pale. Mnara wake uko pembeni ya barabara kuu, ukija na basi kutoka Morogoro unaupita kabla ya kufika mjini, wengi wanakuwa wamelala. Wajerumani wakajipanga miaka mitatu, Oktoba 1894 wakaja na mizinga chini ya gavana wao von Schele, akiwemo Tom von Prince, huyu ndo yule wenyeji walimwita Bwana Sakarani, Kalenga ikaanguka lakini Mkwawa akatoka, akapigana vita vya msituni mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, mwili ukazikwa Mlambalasi. Halafu sasa sikia, mwaka 1919 kwenye Mkataba wa Versailles, huo huo uliomaliza vita kuu ya kwanza ya dunia, kuna ibara ya 246 inayoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Mataifa makubwa yamekaa yanagawana dunia, na Mhehe wetu yumo kwenye karatasi. Halikurudi mpaka 1954, gavana wa Kiingereza, Twining, alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadae akawa Spika wa Bunge. Ndo maana mpaka leo kuna watu wanauliza kama ni lenyewe. Ukifika pale usianze na swali hilo mbele ya muongozaji, wengine wa ukoo huo huo, sikiliza kwanza. Na kupiga picha uliza, usinyanyue simu tu.

Mimi nilipolisimamia lile fuvu mara ya kwanza kilichonishika ni udogo wake. Kwenye kichwa changu Mkwawa alikuwa jitu. Ni kichwa cha mtu, kama changu, kwenye kisanduku cha kioo, na nje watoto wa shule wanapiga kelele wamekuja ziara. Nilikaa kimya mpaka Iringa.

Isimila iko kama kilomita 20, barabara ya Mbeya. Unapanda gari za upande huo unashushwa kwenye kibao halafu unatembea kwa ndani, au mnajichanga saba mnakodi Noah mchana mzima, kwa kichwa inakuwa hela ndogo na mnarudi na gari lenu. Nendeni kiangazi asubuhi, maji ya kunywa, kofia, viatu vya kufunga. Chukueni muongozaji. Kuna sehemu mbili, watu wengi wanakimbilia nguzo, zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kama maghorofa, picha zinatoka vizuri sawa. Lakini sehemu ya kwanza ndo ya maajabu, zana za mawe zimelala pale pale chini zilipoachwa na watu wa kale, mashoka ya mkono yamechongwa pande zote mbili mpaka unajua kabisa huyu aliyechonga alikuwa na subira kuliko mimi. Pamoja na hizo walikuta mifupa ya kiboko wa aina iliyotoweka ambaye macho yake yalikaa juu kabisa ya kichwa, anachungulia bila kutoka majini. Eneo liligundulika 1951, uchimbaji mkubwa ukafanywa na Clark Howell na wenzake 1957 na 1958. Umri wake ukiandika kwenye asaimenti kuwa makini, utakuta sehemu wameandika miaka 60,000 na sehemu nyingine zaidi ya 200,000, ile ndogo ni makadirio ya zamani na kubwa ni ya vipimo vilivyokuja baadae, kwahiyo taja umeitoa wapi, lekcha wa historia anapenda sana hapo.

Na tafadhali usiweke jiwe mfukoni. Hata kadogo. Vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini hata sheria isingekuwepo, zana ikiondolewa pale ilipolala inakuwa jiwe tu, mtafiti hawezi tena kuisoma. Nilimuona mwenzangu amebeba moja eti ya kuweka mlangoni, tulimrudisha mwenyewe akaiweke.

Kama unasoma historia, utalii, jiografia au ualimu, hizi sehemu ni marks. Omba barua ya utambulisho idarani, nenda Boma au Kalenga uulize kama unaweza kusaidia au kufanya utafiti wako hapo, wenzako watakuwa wananakili pasti pepa za mwaka juzi wewe una picha zako na mahojiano yako. Wa jiografia, zile nguzo za Isimila ni mmomonyoko kwa vitendo, hakuna haja ya mchoro wa ubaoni. Na Ruaha yenyewe iko kama kilomita 130, subirini safari ya chuo au mjichange, beba kitambulisho cha NIDA au namba, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni mbingu na ardhi na getini hawaangalii sura.

Cha kusoma sitasema sana, unajua kilichokupeleka. Ila baridi inafanya watu wakose vipindi vya saa moja asubuhi, na vile vipindi vya saa moja ndo vilivyonipa ile sup. Tafuta jirani anayeamka, mpe ruhusa ya kupiga kelele, akugongee mpaka ujibu.

Mwisho ni kurudi nyumbani. Vyuo vikifunga, vinafunga karibu wakati mmoja na mji mzima unataka kushuka Kitonga siku hiyo hiyo. Kata tiketi wiki mbili kabla, mara tu ratiba ya mitihani inapobandikwa, tena ukate siku moja baada ya pepa ya mwisho maana pepa huwa zinasogezwa. Godoro na jiko usibebe, waachie au wauzie wanaobaki. Gunia la viazi la kumpelekea mama patana na konda siku ya kukata tiketi, ukimsubirisha mpaka asubuhi ya safari atakutajia bei ambayo ungenunulia viazi vingine.